Jinsi ya kuuimba ule wimbo wa Whitney wa The Bodyguard kwenye sendofu bila kugongana na biti

Msimu wa masendofu ukianza hapa Kigoma lazima nipigiwe simu, mara mdogo wake bibi harusi, mara rafiki yake wa kazini, anasema dada nataka kumwimbia mwenzangu ule wa Whitney, nianzie wapi. Simu hizo nimeshazijibu nyingi mno, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja, mtu asome alafu afanye kama nilivyoandika, wiki mbili zinatosha kabisa kama unafanya mazoezi kila siku. Mimi napiga kinanda na naimba sauti ya pili (alto) kwenye kwaya, na huu wimbo nimeusindikiza kwenye kumbi za Mwanga, Gungu, Katubuka mpaka Mwandiga, na makosa ninayoyaona ni yale yale karibu kila mahali.

Wimbo wenyewe ni I Will Always Love You, ile ya Whitney Houston ya mwaka 1992 kwenye filamu ya The Bodyguard. Sisi tulioangalia ile filamu kwenye vibanda vya video tunaikumbuka, yeye ni mwanamuziki Rachel Marron na Kevin Costner ndo mlinzi wake Frank Farmer, wanapendana lakini mwisho wanaagana, kila mtu anashika njia yake. Hapo kwenye kuagana ndo wimbo unaanza. Na nataka uelewe hili kabla hujagusa maiki maana ndo litaamua utaimbaje, huu ni wimbo wa KUAGA. Watu wanasikia neno love wanaupeleka kwenye harusi, maharusi wanakata keki huku nyuma mtu anaimba kwamba mimi naondoka nisije nikawa kikwazo kwako, nakutakia maisha mema. Hapana jamani. Mwenye wimbo, Dolly Parton, mwimbaji wa kantri wa Marekani, aliuandika mwaka 1973 alipokuwa anataka kumuacha Porter Wagoner, bosi wake wa kwenye kipindi cha televisheni aliyekuwa anaimba naye tangu 1967, hakuwa mume wake, alikuwa mtu aliyemshika mkono kwenye kazi, na Dolly alikuwa anamuaga kwa heshima, nakupenda ila lazima niende.

Sasa niambie hiyo sio sendofu? Binti anaaga kwao, baba na mama wamekaa pale mbele, mdogo wake anajua kesho chumba ni chake peke yake, mashoga zake wanajua kuanzia sasa kumuona mpaka waombe ruhusa. Wimbo unakaa pale kama umetungwa Kigoma. Kwa hiyo ukiulizwa uimbwe wapi, jibu ni sendofu, na uimbwe pale binti anapoaga wazazi, sio wakati wa chakula na sio wakati wa kuingia. Kwenye harusi tafuta wimbo mwingine, upo mwingi tu.

Haya tuje kwenye kazi yenyewe.

Jambo la kwanza ni ki, yaani do yako iko wapi, wimbo ukae juu au chini kiasi gani kwenye sauti yako. Whitney anaanza kwenye A, na kiitikio cha mwisho kinapanda toni nzima kwenda B. Watu wengi wanachofanya wanaanza kujifunza kuanzia mwanzo, mwanzo ni wa chini na mpole, wanajisikia vizuri, wanasema hee naweza, wakifika mwisho mishipa ya shingo imesimama na sauti imepasuka mbele ya wakwe. Wewe geuza, ANZA NA MWISHO. Chukua kile kiitikio cha mwisho kabisa baada ya kupanda, kiimbe mara tano mfululizo bila kupumzika sana. Kama mara ya tano koo linakuwasha au unainua kidevu juu kama unatafuta kitu darini basi hiyo sio ki yako, shusha. Kwenye kinanda kuna kitufe cha transipozi, shusha nusu toni moja moja mpaka upate pale ambapo mara ya tano inatoka sawa na mara ya kwanza. Ukishapata, toa toni nzima, yaani nusu toni mbili, hapo ndo utaanzia wimbo. Mfano kama kiitikio cha mwisho kinakukaa kwenye G basi unaanzia F. Wadada wengi wa sauti ya pili ninaowasindikiza mimi wanaangukia hapo hapo kwenye F au G, na hakuna aibu yoyote, watu wa ukumbini hawajui umeanza wapi, wanachojua ni kwamba umefika au hujafika.

Ila usishushe mno pia. Ukishuka sana ile beti ya kwanza inazama chini unabaki unanong'ona, na pale hakuna ala ya kukusaidia. Kwa hiyo pima pande mbili, mwisho usikunyonge na mwanzo usikupotee. Na kama pande zote mbili hazikubali kuna njia ya tatu, usipande. Baki ki ile ile mpaka mwisho. Dolly mwenyewe kwenye rekodi yake iliyotoka 1974 hana mambo ya kupandisha vile, beti ya mwisho anaisema tu kama anaongea, na wimbo ukashika namba moja kwenye chati ya muziki wa kantri Marekani, alafu 1982 akaurudia kwenye filamu nyingine ukashika tena namba moja. Kwa hiyo kuimba kwa upole sio kushindwa, ni namna nyingine ya wimbo ule ule, na mimi kwa kweli kwenye sendofu ya ndani ya uwanja wa nyumbani naipenda zaidi hiyo.

Jambo la pili, na hili ndo linaharibu shughuli kuliko yote, ni zile sekunde arobaini na kitu za mwanzo. Whitney anaanza peke yake bila ala yoyote. Inasemekana Kevin Costner ndo alishikilia ianze hivo, na kwa filamu ilikuwa sahihi kabisa. Lakini kwako wewe maana yake ni kwamba unaanza kuimba hujasikia noti hata moja, unaanza ki unayoijua kichwani, alafu ala zikiingia zinakuta wewe uko sehemu nyingine. Niliona sendofu moja dada wa watu ana sauti nzuri kabisa, kaanza, ukumbi umenyamaza kimya, watu wameshatoa simu, ala zikaingia nusu toni chini ya pale alipokuwa. Alijaribu kushuka katikati ya neno, ikawa vibaya zaidi, akaacha, akaweka maiki mezani. Sauti ilikuwepo, mazoezi alifanya, kilichokosekana ni noti MOJA tu ya kuanzia.

Kwa hiyo hakikisha unapewa noti. Kama kuna mpiga kinanda, apige do yako taratibu mara moja wakati MC anamalizia maneno, hakuna atakayejali, na ukitaka aendelee kuishikilia chini kabisa kwa sauti ya nyuzi mpaka ala ziingie, mimi hivyo ndo nafanya nikimsindikiza mtu anayeogopa. Kama ni biti ya kwenye flashi tu, yaani muziki mtupu usio na sauti ya mwimbaji, basi weka programu ya kinanda kwenye simu yako, isikilize sikioni kabla hujasimama, alafu ivumishe kwa midomo iliyofungwa ukiwa unatembea kwenda mbele, usiongee na mtu njiani, usisalimie, maana ukiongea tu noti inapotea.

Na biti zenyewe ukizishusha YouTube zinatofautiana sana. Nyingine zina ala tangu sekunde ya kwanza, nyingine zina kimya kirefu, nyingine zina tik tik tik za kuhesabu ambazo ukumbi mzima utazisikia. Nyingine zimeshushwa ki na hazisemi zimeshushwa ngapi. Isikilize yote mpaka mwisho mara mbili, sio unasikiliza dakika moja unasema ndo yenyewe. Kama ina kile kimya kirefu cha mwanzo ushauri wangu ni mmoja, mwombe mtu anayejua kukata muziki kwenye kompyuta aikate ianze pale pale ala zinapoingia, basi wewe unaimba beti ya kwanza kwa nafasi yako, unapumua unapotaka, na DJ anabonyeza ukifika neno mliloelewana. Mfanye naye mazoezi hilo tukio moja tu, hata mara kumi, mchana kabla watu hawajaja. DJ wengi wa huku ni waelewa ila usimletee flashi saa mbili usiku akiwa amezungukwa na kamati, atakuitikia ndiyo ndiyo alafu atabonyeza vibaya.

Sasa sauti. Ukishapata ki yako, wiki ya kwanza usiimbe kwa nguvu hata siku moja. Fanya ule mlio wa midomo wanaofanya watoto wakicheza boti, brrrrr, kutoka chini kabisa kwenda juu na kurudi, dakika tano asubuhi, alafu pitisha wimbo mzima kwa brrrr hiyo hiyo bila maneno. Itaonekana kama mchezo lakini inafanya koo lilegee na pumzi itoke kidogo kidogo, ukikaza tu midomo inagoma yenyewe kutikisika kwa hiyo utajua umekaza. Siku ya nne au ya tano badilisha, pitisha wimbo kwa kuvumisha, mmmm, usikie mtetemo kwenye pua na mashavu. Maneno yaje mwisho. Na watu wengi hapa wanapenda kwenda kufanyia mazoezi ufukweni, mimi sishauri, hewa ya wazi ya ziwani inakula sauti, hujisikii, unajikuta unapiga kelele bila kujua na siku tatu mbele huna sauti. Chumba kitupu chenye kuta ni kizuri zaidi, hata darasa la Jumamosi.

Pumzi, chukua daftari andika maneno yote kwa mkono, alafu weka mkwaju (/) wa penseli kila unapopumua. Usipumue katikati ya wazo. Ukisikiliza vizuri Whitney kwenye beti ya kwanza hana haraka kabisa, anaacha kimya kati ya mstari na mstari, na kile kimya ndo kinawatoa watu machozi kabla hata ya sauti kubwa. Watu wetu wakiwa na woga wanakijaza, wanakimbia. Wimbo ni wa taratibu, mapigo 66 hadi 68 hivi kwa dakika, polepole kuliko mapigo ya moyo wako ukiwa umesimama mbele za watu, kwa hiyo mwili wako utataka kukimbia, jua hilo mapema na uukatae.

Kuhusu Kiingereza. Hatutaki kumuiga mtu lafudhi lakini kuna kitu kimoja sisi Waswahili tunafanya, tunaweka irabu mwishoni mwa kila neno, lavu, olwezi, na kila irabu uliyoongeza ni silabi imeongezeka, biti inakuacha nyuma. Neno likiishia kwenye konsonanti likate hapo hapo. Alafu ile sauti ndefu ya kiitikio, ile ai ambayo kila mtu anaijua, ina irabu mbili ndani yake, a na i. Siri yake ni kwamba unaishikilia yote kwenye A, mdomo wazi wima, taya limeshuka, i unaigusa mwishoni kabisa wakati unaondoka. Wengi wanakimbilia i mapema, mdomo unajifunga, koo linabana na sauti inakuwa ya puani. Jaribu sasa hivi ulipokaa, imba ai ndefu ukiganda kwenye a alafu imba ukiganda kwenye i, utasikia tofauti mwenyewe. Na yuu ya mwisho ni hivo hivo, ukienda juu usichongoe midomo sana, iache iwe karibu na o.

Manjonjo, yaani kule kuipindapinda sauti kwenye neno moja. Hapa naomba tusikilizane. Whitney alilelewa kwenye muziki wa kanisani, mama yake Cissy Houston alikuwa mwimbaji wa injili, ile mipindo iko damuni, sio kitu cha kunakili noti kwa noti ndani ya wiki mbili. Chagua mahali pawili tu. Pawili! Mahali pengine imba noti iliyonyooka. Ukitaka kujua mpindo unatengenezwaje ufanye polepole kama unahesabu ngazi, kila noti isikike peke yake, alafu ongeza kasi kidogo kidogo. Na ninyi mliokulia Ujiji mkasoma kaswida na maulidi tangu watoto, mna utajiri hapo hamjui, koo zenu zimeshazoea kupinda, nimesindikiza binti mmoja wa Ujiji aliyekuwa hajawahi kuimba wimbo wa Kiingereza hata mmoja na mipindo yake ilitoka laini kuliko ya wanakwaya wangu wote. Imba mpindo wako wa nyumbani, usitafute wa Whitney.

Kuna ile sehemu baada ya saksofoni, beti ya tatu, ya kumtakia mtu maisha mema. Ishushe hapo. Iwe ndogo karibu ya kuongea, mwangalie binti usoni, maana hapo ndo maneno yanamhusu moja kwa moja. Baada yake kuna kimya kifupi, alafu ngoma inapiga mara moja, dum, na kiitikio kinapanda. Ukitoka chini pale, kupanda kutaonekana kukubwa hata kama sauti yako sio kubwa. Ukiwa umeshapiga kelele tangu beti ya pili huna pa kupanda. Na kwenye kile kimya usipumue kwa kuinua mabega, jaza tumbo na mbavu, subiri ngoma, usiitangulie.

Kama hamna biti wala kinanda, au umeme umekata na jenereta inasumbua, watu wanne wa kwaya wanatosha. Kiitikio kinazunguka kwenye kodi nne tu, yaani mafungu manne ya noti zinazolia pamoja. Besi atembee do, la, fa, sol. Mwimbaji wa tena (tenor) aimbe mi, mi, fa, re. Alto sol, la, la, sol. Soprano do, do, do, ti. Wote wanavumisha mmmm kwa midomo iliyofungwa, laini, na wewe unaimba juu yao. Tulifanya hivo usiku mmoja Gungu taa zilipozimika, watu wamewasha tochi za simu, na hao wanne wamesimama nyuma ya binti, mimi sijasikia huu wimbo ukiwa mzuri vile tena, hata kwenye kumbi zenye spika za milioni ngapi sijui.

Maiki. Kwenye beti ya kwanza iwe karibu, vidole viwili kutoka mdomoni. Kwenye kiitikio cha mwisho isogeze mbali pole pole, kama kipimo cha kiganja kizima na zaidi kidogo, ukiiacha karibu spika zinakoroma. Usiishike kichwani kwa kuizungushia kiganja kama wasanii wa kwenye video, hapo ndo inapiga mluzi. Usisimame mbele ya spika. Na mwambie fundi wa sauti apunguze ekoo, wengi wanaijaza wakidhani wanakusaidia, sasa kwenye sehemu isiyo na ala kila neno linajirudia juu ya lenzie, hakieleweki kitu. Iwepo kidogo tu.

Siku yenyewe usile kabla ya kuimba, pilau na nyama vitakusubiri, mwombe mtu wa kamati akufichie sahani. Maji ya kawaida, sio soda ya baridi. Mchana usiongee sana, na kama uko kwenye kamati ya mapokezi omba wakutoe maana kusalimia wageni mia mbili kwa sauti juu ya muziki ndo kumaliza sauti kwenyewe. Pasha na ile brrrr dakika kumi kabla, hata nje kwenye magari.

Na mwisho wa wimbo, Whitney haishii juu, anashuka, anaiachia sauti ya kichwani nyepesi mpaka inaisha. Fanya hivo hivo, usimalizie kwa kelele. Alafu kaa kimya pale pale ulipo, usiseme asante, usimuite mtu. Hili ongea na MC mapema kabisa, mwambie nikimaliza naomba usishike maiki, usiseme makofi tafadhali, na DJ asiingize wimbo mwingine, tuachieni kama nusu dakika tu. Maana hapo binti anakuwa ameshainuka anamfuata mama yake.